Subaru Forester SG5: tamu barabarani, ngumu ukifungua boneti

Tathmini za namna Forester inavyokimbia zimejaa kila mahali, na karibu zote zinakubaliana: imetulia kwenye kona, matope haiyaogopi, mlio wake unageuza watu shingo. Sina ubishi na hayo. Mimi nataka kuieleza kutoka upande ambao muuzaji wa magari hatakuonyesha, yaani ukiwa umeinama juu ya injini na spana mkononi, unataka kubadili globu ya taa au plagi, na kila unapopeleka mkono unakuta kuna kitu kingine kimekaa njiani.

Yangu ni ya 2003, kizazi cha pili, kile kilichotoka kuanzia 2002 hadi 2007 na ambacho tunaokiendesha tunakiita SG5. Injini ni EJ20 ya lita 2, haina turbo, na gia ni otomatiki ya hatua nne. Ilitoka Japani ikiwa imeshatumika, njia ile ile ya magari mengi tunayoendesha. Mimi ni nesi, naishi Kibaha, kazi iko Dar, na zamu ya jioni ikiisha Morogoro Road nagawana na malori. Taa kwangu si pambo. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa magari pale Gerezani, Dar, enzi za Peugeot 504, na utotoni mwangu mimi ndiye niliyekuwa mshika tochi wake. Kuchafuka oili hakunitishi.

Ukitaka kuielewa gari hii anza na injini, maana usumbufu wote unatoka hapo. Injini imelala. Silinda mbili zinatazama kushoto, mbili kulia, na pistoni zinakwenda kwa ubavu badala ya kupanda na kushuka. Barabarani faida yake unaiona: uzito uko chini, gari haliyumbi ovyo. Gharama yake unailipa ukifungua boneti. Injini imetanuka kutoka chesisi hadi chesisi. Ukiitazama kwa juu mara ya kwanza unaona pako wazi, unajisemea kazi hii ni ya nusu saa. Subiri utafute ubavu. Betri imesogezwa mbele kushoto, boksi la eakilina, yaani chujio la hewa, mbele kulia, na huko pembeni mbele ndiko migongo ya taa ilipo. Plagi nazo zimetazama chesisi.

Nianze na globu, maana ndizo zilizonifanya niandike.

Taa kubwa za gari langu zinatumia H4, globu moja yenye nyuzi mbili ndani: ya dimu wati 55, ya fulu wati 60. Ni globu ya kawaida sana, duka lolote la spea linayo, na bei yake haimshindi mtu. Kuipata si kazi. Kazi ni kufika inapokaa.

Kushoto, kati ya betri na mgongo wa taa, pamebaki upenyo ambao kiganja cha mwanamume wa kawaida hakipiti. Changu kinapita, ni mkono mdogo wa kutafutia mishipa ya watoto wachanga, na hata hivyo kinatoka na mikwaruzo. Ushauri wangu ni usishindane na upenyo ule. Toa betri. Spana namba 10 inatosha: fungua waya wa hasi kwanza, kisha chanya, kisha kile chuma kinachoikandamiza kwa juu. Redio itasahau stesheni zako, basi. Ukishainyanyua betri, mgongo wote wa taa unakuwa mbele yako, na kazi iliyokuwa ya kupapasa inakuwa ya kuona.

Utakutana kwanza na soketi ya waya inayoshika miguu mitatu ya globu. Shika soketi yenyewe, usivute waya; plastiki iliyokaa jirani na joto miaka zaidi ya 20 imekauka na haina huruma. Ikitoka, nyuma yake kuna raba nyeusi ya mviringo yenye vishikio. Ivue taratibu kuanzia ukingoni, maana ikichanika vumbi na unyevu vitaingia ndani ya taa na kile kioo cha kuakisi mwanga kitafifia, na hicho hakina spea yake peke yake. Chini ya raba ndipo kuna springi ya waya. Unaibonyeza ndani kidogo, unaisukuma pembeni, inajiachia. Haidondoki, imeshikwa upande mmoja. Globu inatoka.

Kurudisha mpya ndiko kunakotaka utulivu. Kola ya H4 ina vibao vitatu vya chuma, na kimoja ni kipana kuliko wenzake. Hicho kinakaa juu. Ukiiweka vingine globu haitulii kwenye kiti chake, ila springi ukiilazimisha itafunga hivyo hivyo, na usiku utaendesha huku unamulika matawi ya miembe. Mimi huwa nawasha video kwenye simu, naipenyeza pembeni ya taa, naangalia kwenye kioo cha simu kama vibao vyote vimelala sawa ndipo nafunga springi. Kioo cha globu usikiguse kwa vidole. Kinapata joto kali mno, na mafuta ya ngozi yakibaki pale, sehemu ile inazidi kuchemka na globu inakufa kabla ya siku zake. Navaa glavu, na glavu nanunua mwenyewe famasi, msinifikirie vibaya. Ukigusa kwa bahati mbaya futa kwa spiriti, acha ikauke.

Kulia hakuna betri, kuna eakilina na bomba lake la kuvutia hewa. Bomba linatoka ukifungua boliti zake za namba 10, boksi linalegea ukiachia vibanio, na baada ya hapo mchezo ni ule ule wa soketi, raba na springi. Angalia tu wakati wa kurudisha kwamba mfuniko wa boksi umekaa sawa pande zote kabla hujabana. Pakibaki mwanya, injini itakuwa inavuta vumbi la Kibaha bila kuchujwa.

Nimewahi kuona mafundi wakikwepa kazi yote hii kwa kufungua grili na kulegeza bampa ili wang'oe taa nzima. Globu inaingia, sawa, lakini vibanio vya plastiki vya bampa vinavunjika viwili vitatu, bampa linarudi limechezacheza, na taa yenyewe inabadilisha mwelekeo. Kama unamlipa mtu, mwambie mapema: bampa usiguse, toa betri.

Sasa ni globu gani ya kuweka. Gari hili limepita aina tatu, na nina msimamo.

Za wati 100 na 90 zinapendwa sana na madereva wa safari ndefu. Zinamulika, siwezi kukataa. Lakini fanya hesabu. Dimu ya wati 55 kwa umeme wa volti 12 inavuta kama ampea 4.6, ya wati 90 inavuta ampea 7.5. Waya, swichi na soketi za Forester viliwekwa kwa hesabu ya kwanza. Ukiongeza bila kuweka relei (swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa) na waya mnene, soketi inaanza kuwa ya kahawia, kisha inayeyuka, kisha taa inawaka ikijisikia. Na kwa kuwa soketi yenyewe imejificha nyuma ya betri, hutaona dalili hata moja mpaka usiku ule inapozima.

LED alininunulia mdogo wangu wa kiume, kwa mapenzi mema kabisa. Mwanga mweupe, umeme kidogo, boksi zuri. Zina matatizo mawili, na la kwanza ni la mwanga wenyewe. Taa ya H4 imechongwa kwa kuhesabu kwamba mwanga unatoka kwenye uzi mwembamba uliokaa sehemu moja maalumu. Vijitaa vya LED vikikaa nje ya sehemu hiyo hata kidogo, ule mstari safi unaotenganisha giza na mwanga unapotea, na anayekuja mbele yako anakuona jua. Nilijua hivyo kwa namna malori yalivyokuwa yananipigia fulu mfululizo nikiwa kwenye dimu. La pili ni la gari hili hasa: LED nyingi za H4 zina feni na mkia mrefu kwa nyuma, na nyuma ya taa ya Forester mkia huo hauna pa kwenda. Raba haifungi mpaka uitoboe. Nilizitoa, zipo kabatini.

Zile za rangi ya bluu za kuiga xenon ziacheni dukani. Rangi kwenye kioo inachuja mwanga, unalipa zaidi upate kidogo.

Nilizobaki nazo ni H4 za kawaida, 60/55, za kampuni inayojulikana, Osram au Philips. Angalia kwenye kitako kama kuna herufi E ndani ya duara pamoja na namba yake, na maandishi yawe yamechapwa sawasawa, maana za kuiga zipo tele na nyingine uzi wake umekaa upande. Ukitaka mwanga zaidi kidogo, zipo za kampuni hizo hizo zinazotangazwa kuwa na asilimia kadhaa za ziada kwa wati zile zile; zinamulika vizuri kweli, ila hazidumu sana, na kwenye gari ambalo kubadili globu ni kazi ya kutoa betri hilo ni jambo la kuliwaza. Badili zote mbili kwa pamoja. Zimewaka saa zile zile, moja ikifa ya pili iko njiani, na hutaki kurudi nyuma ya ile betri wiki ijayo.

Na kabla hujatupa pesa kwenye globu, tazama kioo cha mbele cha taa. Ni cha plastiki, na jua la huku limekigeuza njano kwenye Forester nyingi za umri huu. Globu mpya nyuma ya plastiki ya njano haifanyi kitu. Msasa wa maji, unaanza na namba 800, unapanda hadi 1500 au 2000, unamwagia maji muda wote, unamalizia na polishi. Kisha pulizia rangi angavu yenye kinga ya jua, la sivyo baada ya miezi michache njano inarudi pale pale. Dawa ya mswaki inang'arisha, ila haikai. Kwangu kazi hii ya msasa iliongeza mwanga kuliko globu yoyote niliyowahi kununua. Jambo moja la kufurahia: taa zilitengenezwa kwa Japani, ambako wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo mwanga wa dimu unanyanyukia pembeni kushoto, kwa watembea kwa miguu, badala ya kwenda machoni mwa anayekuja.

Za nyuma hazina maneno mengi. Fungua mlango wa nyuma, toa skrubu, vuta taa kuelekea nyuma kwa unyoofu, geuza soketi. Ya breki ni ile ya nyuzi mbili, wati 21 na 5, na vipini vyake vya ubavuni havilingani urefu makusudi ili usiiweke kinyume. Ukiona breki inawaka hafifu na taa ya usiku inawaka kali, mtu ameilazimisha. Kingine: juu ya kava la usukani kuna swichi ndogo ya taa za maegesho. Ikiguswa, taa ndogo zinabaki zinawaka hata funguo ukiwa nazo mfukoni. Betri ukiikuta imekufa asubuhi bila sababu, tazama hapo kabla hujanunua nyingine.

Tuje kwenye oili, na hapa naomba usome taratibu.

Chini ya Forester ya otomatiki, upande wa mbele, kuna nati tatu za kumwagia. Ya mbele kabisa, yenye kichwa cha 17, ni ya oili ya injini. Nyuma yake iko ya difu ya mbele (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele), na nyingine ya haidroliki ya gia. Difu ya mbele imo kwenye nyumba moja na gia boksi lakini ina oili yake peke yake, 75W-90 ya daraja la GL-5, kama lita 1.2, na ina dipstiki yake iliyojificha upande wa kulia karibu na ukuta wa kabini. Dipstiki ya gia iko upande wa kushoto. Fundi aliyekulia kwenye Toyota hana sababu ya kulijua hilo, na wengi hawalijui.

Niliwahi kuipeleka kwenye gereji moja mjini, siku ambayo nilitoka zamu nikiwa hoi. Kijana akaingia chini na beseni lake, nikasikia nati imelegea, kisha kikaanza kutiririka kitu chekundu.

“Mdogo wangu, hebu funga hiyo.”

“Aa, mama, oili ikikaa muda mrefu inakuwaga hivi.”

Oili ya injini ikikaa muda mrefu inakuwa nyeusi. Nyekundu ni haidroliki ya gia. Angemaliza kumwaga, akafunga, akamimina lita nne za oili mpya juu ya zile nne zilizokuwa bado ndani ya injini, ningeondoka pale na injini iliyojaa mara mbili na gia boksi kavu, na Ubungo nisingeipita. Bosi wake alikuja mbio, pole mama, samahani mama, kijana bado mgeni. Walirudishia haidroliki, nikalipa nilichopaswa kulipa, oili nikaenda kumwaga mwenyewe nyumbani. Tangu hapo hata nikimwachia fundi, nachora duara la chaki kwenye nati ya kufunguliwa, na sioni aibu.

Ukishaijua nati, kazi ya oili kwenye gari hili ni rahisi kuliko kwenye magari mengi. Chini ni juu, karibu milimita 200 kutoka ardhini, mtu mwembamba anaingia bila jeki. Oili ni lita nne na kidogo. Kiwandani wanasema 5W-30, wengi wetu kwa joto la Pwani tunaweka 10W-40 kwa injini iliyozeeka na haijanilalamikia. Nati ina washa inayobonyea ukikaza, weka mpya kila mara. Filta iko chini ikitazama ardhi, jambo zuri, unaweza kuijaza oili kabla ya kuifunga. Baya ni kwamba imezungukwa na bomba za eksozi. Ngoja zipoe. Nimewafunga bandeji watu walioungua kwa vitu vya kipuuzi kuliko hivyo, na mkono ukiungua hapo unaungua mgongoni mwa vidole, mahali pasipopona upesi. Funika eksozi kwa karatasi ngumu pia, maana oili ikidondokea pale gari litafuka moshi njia nzima na kila bodaboda atakusimamisha kukwambia gari linaungua.

Difu ya nyuma inachukua lita 0.8 ya oili ile ile ya 75W-90, na nati zake zina tundu la mraba linaloingia kichwa cha raketi (mpini wa spana za boksi) ya nusu inchi moja kwa moja, bila boksi. Fungua ya kujazia kwanza. Ikikataa, angalau hujamwaga.

Plagi. Hapa ndipo Forester inapopata sifa yake mbaya gerejini, na nusu ya sifa hiyo inastahili. Kushoto unatoa betri tena, na tangi la maji ya waipa linasogezwa. Kulia unatoa eakilina tena. Ndiyo maana mimi plagi na globu nazifanya siku moja. Injini iwe baridi kabisa, silinda hedi ni za aluminiamu na nyuzi zake haziwapendi wenye haraka. Kofia ya waya wa plagi imezama ndani ya tundu refu na inang'ang'ania kama pete kwenye kidole kilichovimba: huivuti tu, unaizungusha huku na huku ndipo inakuja. Vuta waya na utabaki na waya mkononi, kofia ndani.

Kisha unahitaji plagi spana ya 16 yenye raba ndani ya kushika plagi, kiungio kifupi, na kile kiungo cha kukunjika. Siri ni vipande vifupi. Kiungio kirefu kinagonga chesisi kabla hakijaingia kwenye tundu, kwa hiyo unaingiza boksi kwanza, unachomeka kiungio ndani ya nafasi ile ile, unachomeka raketi mwisho. Puliza tundu kabla ya kufungua ili mchanga usidondokee kwenye silinda. Plagi mpya ianze kwa vidole na kiungio peke yake, bila raketi, mpaka uhisi imekaa kwenye nyuzi. Mwanya ni milimita 1 hadi 1.1. Ukitoa plagi ukaikuta imeogelea kwenye oili, plagi haina kosa. Ni sili za matundu kwenye mfuniko wa valvu zimechoka, na hizo ni rahisi kununua.

Upande wa pili wa sarafu ni taimingi belti. Kwa sababu injini imekaa kwa urefu na uso wake unatazama rejeta, belti iko mbele kabisa. Toa feni za rejeta, toa mifuniko, umesimama mbele yake. Kwenye gari lenye injini ya kukaa kingamo fundi anapenyeza mkono kati ya injini na ubavu wa gari. Kipimo ni kilomita 100,000, na ukibadili belti badili na rola, tenshona na wota pampu iliyo nyuma yake, maana belti ikikatika valvu zinaweza kugongana na pistoni na hapo hakuna sevisi tena, kuna kununua injini. Kazi hiyo simfundishi mtu. Nampa fundi wa Subaru, naleta kiti, nakaa pembeni.

Maji ya rejeta yana tabia ya kuficha hewa. Jaza polepole, legeza kile kiskrubu cha kutolea hewa juu ya rejeta, washa hita ndani ya gari, na usifunge mpaka mapovu yakatike.

Kwa globu za mbele naipa 3 kati ya 10. Kwa plagi 4. Kwa oili, filta na belti naipa 8 bila kusita. Spea hazijawahi kunisumbua; Gerezani na Kariakoo zipo mpya na zilizotumika, na mahali pa kuwa macho ni kwenye filta na globu za kuiga. Anayeijia gari hii awe na mkono mdogo au fundi anayeijua, na jioni za kutosha za kufungua vitu viwili ili afikie kimoja. Mwenye haraka achukue RAV4.

Ukienda kukagua moja ya kununua, usiishie kusikiliza mlio. Omba waifungue boneti injini ikiwa imezimwa na imepoa, tafuta ile dipstiki ya difu kulia karibu na ukuta, ichomoe, ifute, irudishe, itoe tena. Ukiikuta kavu, shukuru na uondoke. Kisha penyeza simu nyuma ya taa zote mbili ukiwa umewasha video. Soketi ikiwa imegeuka kahawia au imeyeyuka ukingoni, mwenyewe alikuwa anaendesha na globu za wati 100, na bei ya kufuma waya upya ikatwe kwenye bei ya gari kabla hamjashikana mikono.